Moto Uliotembea Hadi Uani kwa Loise

Tangu nirudi, kila Jumapili baada ya ibada mnanizunguka pale mlangoni mkitaka niwaambie yaliyonipata Kongo. Nikianza tu, mmoja anakumbuka mtoto amelala nyumbani peke yake, mwingine anakimbilia basi la Westlands, na habari inakatika. Basi nimekaa nikaiandika yote. Habari za vibali na tiketi nimeziacha. Ninyi mnajua taabu zake, na hakuna anayetaka kuzisoma.

Kitisuru, siku ya mapazia

Mnanijua kwa kazi yangu. Nashona katika duka la Mzee Ramji kule Ngara, na mapazia ya nyumba kubwa yakiisha, mimi ndiye ninayekwenda kuyatundika, maana Mzee Ramji haamini mtu mwingine kwa pindo. Siku hiyo nilikuwa katika nyumba moja ya Kitisuru, ile yenye miti mirefu inayoficha jua mpaka saa nne. Wenyewe hawakuwapo. Mpishi wao, Shadraki, mtu wa kwetu Maragoli, alinipa chai jikoni, kisha akaniuliza kama dada yangu Loise bado anakaa Kongo.

Nikamwambia ndiyo, yuko upande wa Rutshuru, na mumewe yule seremala.

Shadraki akaniletea gazeti la bwana wake. Kulikuwa na picha ya mlima usiku, na ubavuni mwake mstari mweupe kama mpasuko wa chungu. Akanisomea kwamba mlima Nyamulagira umepasuka na unatoa moto, na watu wa upande wa kaskazini wanahama. Halafu, bila kukusudia ubaya, akanipeleka sebuleni kunionyesha picha nyingine iliyotundikwa ukutani. Wenye nyumba waliwahi kutembea nchi ya Waitalia, wakaileta. Ilionyesha mtu amelala kifudifudi, mkono umefunika uso, na mwili wote ni jivu lililoganda. Shadraki akasema hao ni watu wa mji wa kale uliofunikwa na mlima kama huo kwa muda mfupi tu, wengine mkate ukiwa bado jikoni.

Nilimaliza kutundika mapazia, lakini sikumbuki niliyatundikaje.

Loise ni mdogo wangu wa mwisho. Mama yetu alifariki Loise akiwa bado anatambaa, nami ndiye niliyembeba mgongoni. Mumewe Kambale alipomwoa, akaiacha karakana ya vitanda hapo Ngara alikofanya kazi na kunichukulia msichana huyo kumpeleka kwao, nilimwambia mbele ya wazee kwamba siku nikisikia Loise ana shida nitakuja kumchukua, hata kwa miguu. Yeye alicheka. Mimi sikucheka.

Nilimwomba Mzee Ramji ruhusa. Akauliza ni mlima gani, nikamwambia, akaukunja utepe wake wa kupimia. Kisha akasema mashine yangu haitakaliwa na mtu.

Bonde la Ufa

Treni ya Kampala ilipanda kupitia Kikuyu na Limuru polepole, ikisimama mara kwa mara askari wapate kuangalia watu. Mnakumbuka, ilikuwa siku za hali ya hatari. Behewa la daraja la tatu lilijaa kimya mpaka tulipoanza kuteremka bondeni, ndipo watu wakafungua vikapu vyao.

Mbele yangu alikaa mzee mwenye koti zito, Mmeru wa huko Arusha, jina lake Elifasi. Alikuwa anakwenda Jinja kumwona mwanawe anayefanya kazi katika kiwanda cha nguo. Aliniona nachungulia dirishani kila mlima unapotokea, akauliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta mlima unaofanana na ule wa picha, nijue dada yangu amekufa kifo gani.

Hapo ndipo Longonot ukatokea. Nimeuona mara nyingi nikienda nyumbani, lakini siku hiyo niliuona kwa macho mengine. Ubavu wake una mikunjo kuanzia juu mpaka chini, kama sketi iliyobanwa marinda, na kichwa kimekatwa. Elifasi akaniambia mikunjo ile ni njia za mvua katika jivu. Mlima mzima ni jivu na mawe mepesi, umejirundika wenyewe kwa kutema.

"Na huu ulitema lini?" nikamwuliza.

"Babu wa babu zetu labda walisikia. Mimi nimesikia mwingine."

Akanisimulia habari za Lengai, mlima wa Wamasai karibu na ziwa la magadi. Kijana wake mwingine ameoa huko, na kijana huyo alikuwa akichunga ng'ombe wa mkwewe siku mlima ulipoamka. Alisema kwanza ardhi ilitikisika kama lori linapita, lakini lori halikuwapo. Kisha ukapanda moshi mweusi ulionyooka, mrefu hata mtu akiinua kichwa kofia ilianguka. Sauti ilikuja baadaye. Jivu lilianguka kimya kama unga ukichekechwa, na ilipofika asubuhi nchi yote ilikuwa nyeupe, majani meupe, migongo ya ng'ombe myeupe. Ng'ombe waliokula majani yale walikonda, na Wamasai wakahamisha zizi.

Alinena kwa upole, lakini kila neno lilikuwa linanichoma. Nikamwuliza watu waliokuwa karibu walipatwa na nini. Akasema walikimbia, kwa sababu mlima uliwaonya kwa mtikisiko. Akaongeza jambo ambalo wasafiri wengine walilicheka. Kabla ya jivu, zamani kidogo, yeye mwenyewe alipanda huko juu akiwabebea Wazungu maji, akaona shimoni matope yanachemka. Mchana hayakuwa mekundu hata kidogo, yalikuwa meusi kama mafuta ya gari, na yanatiririka upesi kuliko maji ya mfereji. Walipolala na kuamka, yale meusi yamekuwa meupe kama chaki.

Abiria mmoja akasema mzee amekunywa. Elifasi hakubishana. Alimenya yai, akanipa nusu.

Nakuru, tulipokwama

Mvua ilikuwa imechukua tuta la reli huko mbele, kuelekea milimani. Tuliambiwa tushuke Nakuru tungoje. Hakuna aliyejua tutangoja mpaka lini, na nilisimama pale stesheni nikiwa na hasira, kwa sababu kila saa niliyokaa ilikuwa saa moja ya moto kule.

Watu wa kanisa letu walikuja kuwachukua waliokwama. Mimi na Elifasi tulichukuliwa na Mwalimu Zakayo, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na mkewe, Mama Tabitha. Nyumba yao iko upande wa juu wa mji, na nyuma ya nyumba ni mteremko mrefu unaopanda taratibu. Nilimwuliza mwalimu kuna nini huko juu.

"Huko juu hakuna kitu," alisema. "Ndiyo sababu nitakupeleka."

Alasiri tukapanda, mwalimu mbele, mimi na Elifasi nyuma. Ule haukuwa mlima wa kupanda kwa mikono, ulikuwa kilima tu chenye vichaka. Ghafla mwalimu alinishika bega akanisimamisha, na nchi ikaisha. Chini yangu palikuwa na shimo ambalo ng'ambo yake niliiona kwa ukungu, kama mtu anavyoona kijiji cha jirani. Ndani ya shimo kulikuwa na msitu, na mawe meusi yaliyolala kama shuka iliyokunjwa ovyo, na huku na huko mvuke mweupe ulipanda peke yake. Mwewe walikuwa wanaruka chini yetu, tunaona migongo yao. Huo ndio Menengai. Nimepita Nakuru miaka yote hiyo, nimenunua kabichi Nakuru, na sikuwahi kujua kwamba mji umekaa kando ya mdomo wa volkano.

Elifasi alivua kofia. Hakuna aliyemwambia avue.

Mwalimu akaeleza kwamba hapo zamani palikuwa na mlima kamili. Tumbo lake lilijaa moto, ukautapika wote kwa ghadhabu, na tumbo lilipobaki tupu paa likaanguka ndani. Tunachoona si mdomo peke yake, ni mlima mzima umeingia chini. Nilikaa kwenye jiwe. Nilimwuliza Mungu moyoni kwa nini ametuweka sisi, wenye mapazia na vikapu, juu ya vitu kama hivi.

Kule nyumbani nilimwambia mwalimu habari za Loise na ile picha ya mtu wa jivu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniita jikoni, ambako Mama Tabitha alikuwa na masufuria mawili motoni, moja la uji wa wageni na moja la ugali ulioanza kushika.

"Mama Rebeka, angalia uji," aliniambia. "Povu linapanda, linapasuka, hakuna anayeumia. Ukizidi moto unafurika, unamwagika jikoni, basi. Sasa angalia ugali."

Ugali ulivuta pumzi, ukavimba mahali pamoja, ukatoa *pwaa*, na tone likaruka mpaka kwenye mkono wa Mama Tabitha, naye akamwambia mumewe amalize masomo yake atoke jikoni kwake.

Mwalimu akasema volkano zote zina mawe yaliyoyeyuka na hewa ndani yake. Yakiwa mazito kama ugali, hewa hunaswa, inajikusanya, siku ikitoka inaupasua mlima na kuugeuza jivu. Huo ndio mlima wa ile picha, na Longonot nao ulifanya hivyo siku zake. Yakiwa mepesi kama uji, hewa hutoka njiani, na mawe hufurika na kutembea. Mlima wa namna hiyo haurundiki juu, unatandaa. Nyamulagira, kwa alivyosoma yeye, ni mlima wa uji.

Nikamwuliza kama ana hakika. Alifikiri kabla ya kujibu, na kwa hilo nilimpenda.

"Nimesoma, sijauona. Lakini kama ni uji, dada yako amepata nafasi ya kutembea."

Elifasi akauliza Lengai basi ni nini, wenye matope mepesi kuliko maji na bado unatoa jivu. Mwalimu akajikuna kidevu, akasema huo hajui, na kitabu chake hakisemi. Wakaendelea kuulizana juu ya mlima huo mpaka ugali ukapoa, wakiwa na furaha kama vijana.

Uganda

Treni ilipotengenezewa njia tulikwenda. Elifasi alishuka Jinja. Mwanawe alikuwa anamngoja, mrefu, na ovaroli yake imejaa nyuzi za pamba. Mzee alinishika mikono yote miwili akaniambia nikifika nisiangalie mlima kwanza, niangalie watu wanafanya nini. Watu wa pale wakiwa wanapika, nami nipike.

Kutoka Kampala nilipanda basi la Kabale. Sitasema mengi juu ya barabara ile, ila kwamba basi lilikatika springi kabla ya kufika Mbarara, na wenyeji wakatukaribisha kwa matoke na mchuzi wa karanga. Nilikuwa na kiu. Mama mmoja akaniletea kibuyu, nikamwuliza kwa ishara kama ni maji ya ndizi, akaitikia kwa kichwa akicheka. Kilikuwa kitamu, nikaomba cha pili. Nilipotaka kusimama, nchi ilitikisika chini yangu, nikapiga kelele kwamba mlima umepasuka na hapa pia. Abiria wote walicheka mpaka dereva akaja kuona. Ilikuwa pombe ya ndizi. Mimi, mtu wa kanisa letu lisilogusa hata togwa iliyochacha. Nawaambia ninyi kwa sababu najua mtasikia kwa watu wengine.

Kabale ni baridi kama Limuru. Hapo nilipata lori la kwenda Kisoro, dereva Mfumbira, mwenyeji wa huko, aitwaye Sebastiani, mtu asiyeongea mpaka umwulize, na ukimwuliza haachi. Barabara inazunguka juu ya vilima vilivyokatwa matuta ya mashamba, kisha inafika pengo moja ambapo Sebastiani alizima injini bila mimi kumwomba.

Ilikuwa milima mitatu imesimama mstari, mikubwa, ya bluu. Sikujua kama nicheke au nilie. Sebastiani akanitajia mmoja mmoja. Muhabura ni kiongozi, aliyesimama mbali peke yake, mrefu na mkali kama kichuguu. Mgahinga, mdogo, ni rundo la mawe. Sabinyo ni mzee mwenye meno mabovu, na kweli kilele chake kimemeguka vipande vipande kama ufizi. Akasema huyo ndiye wa zamani kuliko wote, mvua imemla. Chini yao mashamba yote yalikuwa na marundo ya mawe meusi yenye matundu, ambayo wanawake wameyaokota vizazi na vizazi wapate mahali pa kupanda maharagwe.

Nikamwuliza ule unaowaka sasa uko wapi. Akasema uko ng'ambo, nyuma ya hao, na hautaonekana, kwa sababu si mrefu wa kuonekana.

"Ule ni ungo," alisema. "Ungo uliopinduliwa. Jirani yake, Nyiragongo, ndiye chungu. Ana moto ndani mwaka baada ya mwaka, haumwagi, anaukalia tu. Jioni utaona mawingu yake mekundu."

Nikamwuliza anauogopa upi. Akawasha injini. Akasema anaogopa chungu. Ungo humwaga, watu wakaona.

Kambale yupi?

Nilivuka mpaka pale Bunagana na kufika Rutshuru kwa gari la mboga. Huko wanasema Kiswahili, lakini ni Kiswahili chao. Wanasema *iko* pale ambapo sisi tungesema yupo, na *beko* kwa watu wengi, nami nilikuwa nikijibu baada ya kufikiri, kama mtu mwenye sikio moja.

Sokoni nilimwuliza mama muuza maharagwe kama anamjua Kambale.

"Kambale gani?"

"Kambale seremala. Bibi yake ni mtu wa Kenya."

Sijui kama alisikia maneno ya mwisho. Alikuwa anampimia mtu maharagwe. Akasema, "Kambale ya mbao? Ule alikufa. Balimuzika juzi."

Nilikaa chini pale pale kwenye maganda ya mahindi. Nilimwuliza kama ni moto uliomuua, akasema hapana, mti ulimwangukia. Hakuwa na habari za mkewe. Mama yule akaniletea maji akanipangusa uso kwa kanga yake, akaniambia pole kwa lugha yake na yangu.

Siku hiyo hiyo nilipata gari lililokuwa linakwenda kuhamisha watu na vitu. Njiani sikuutazama mlima. Nilikuwa najifunga moyo. Mnajua desturi yetu, mtu akifika kwenye msiba hafiki kimya. Basi tulipokaribia, dereva aliponionyesha njia ya miguu kati ya migomba, nilifungua kitambaa cha kichwa, nikaweka mikono kichwani, nikaanza kulia kwa sauti nikitaja jina la shemeji yangu na wema wake wote, vitanda alivyotengeneza, na jinsi alivyomheshimu baba yetu.

Katikati ya ua palikuwa na mtu amepanda juu ya kuta za nyumba isiyo na bati, nyundo mkononi na misumari mdomoni. Alitema misumari.

"Shemeji," alisema, "nani amekufa?"

Alikuwa Kambale.

Nilishindwa kuuzuia mwili wangu. Nilicheka huku nalia, na yeye akateremka akanishika nisianguke. Baadaye ndipo nilipoelezwa. Kwa Wanande, kabila la shemeji yangu, jina Kambale hupewa mtoto wa kiume wa pili, kila nyumba. Kuna Kambale mwalimu, Kambale mpishi, Kambale kinyozi. Aliyekufa ni Kambale mpasua mbao wa kijiji kingine, Mungu amrehemu, na nilikuwa nimemlilia mtu nisiyemjua kwa sifa zisizo zake.

Moto unaotembea

Loise alitoka nyuma ya migomba amebeba mkungu mbichi. Aliponiona hakukimbia. Aliuweka mkungu chini polepole, akaja akaweka kichwa chake begani mwangu kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Nilijua utakuja, dada," alisema. "Umekuja na njaa?"

Nikakumbuka maneno ya Elifasi, nikaangalia watu. Walikuwa wanapika. Katika kila ua palikuwa na sufuria motoni, na watu wanakata ndizi hata changa, wanang'oa maharagwe yasiyokomaa, wanapandisha mbuzi magarini. Hakuna aliyekimbia. Ndipo nilipoinua macho.

Ungo ulikuwa ng'ambo kule, mpana, wa kijivu, usiotisha, na ubavuni mwake, mbali na kilele, chemchemi ya moto ilikuwa inarukaruka. Ilipanda na kushuka kama maji ya bomba lililopasuka, ila yalikuwa mawe. Sauti yake ilitufikia kama ya bahari niliyoisikia mara moja Mombasa, haipumziki. Kutoka hapo mto ulikuwa unakuja, na mbele ya mto, nyuma tu ya shamba la jirani, palikuwa na ukuta mweusi mrefu kuliko mtu, unatoa moshi. Nikamwuliza Kambale ukuta ule umejengwa na nani.

"Ule ndio wenyewe," alisema.

Tulikwenda karibu. Nimejaribu kuwaeleza kwa mdomo nikashindwa, naomba kalamu inisaidie. Mbele yake ulikuwa mweusi, magamba na makaa makubwa. Haukutembea kama maji wala kama nyoka. Ulivimba. Jiwe moja la juu lilitikisika, likajiviringisha likaanguka kwa mlio kama wa sahani zikivunjika, na pale lilipotoka pakaonekana ndani, pekundu, kisha chungwa, kisha rangi nisiyo na jina lake, iliyonifanya nifumbe macho na bado nikaiona. Kisha pakafunga, pakawa peusi tena, na ukuta ulikuwa umesogea kidogo. Mgomba ulioguswa haukuwaka mara moja. Ulichemka kwanza ndani, maji yake yakapiga filimbi, ukapasuka, ndipo ukawaka. Mzee mmoja wa kijiji aliutazama akivuta kiko, akarudi nyuma hatua moja kila ukuta uliposogea, bila haraka, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni.

Nilisimama pale nikasahau nilichokuja kufanya. Nilifikiri, hii ndiyo nchi ikizaliwa. Udongo wetu wa Kitisuru, ule mwekundu unaoshika viatu, Mwalimu Zakayo aliniambia ulikuwa moto kama huu. Sikuwa naogopa, na nilishangaa kwamba siogopi. Nilitaka kupiga magoti.

Kambale alikwisha bomoa nyumba yake vizuri kabisa. Bati, milango, madirisha, hata kizingiti, vyote viko garini. Nikamwambia Loise basi twende, nimekuja kukuchukua, utakaa na mimi Nairobi mpaka mambo yatulie. Akasema hapana. Nikamwambia basi twende huko garini pamoja na mumeo. Akasema si sasa. Nikapandisha sauti, nikamwuliza anangoja nini katika ua usio na nyumba.

Kambale ndiye aliyenivuta kando. Mwisho wa ua, chini ya mparachichi, kulikuwa na mstari wa mawe madogo. Mtoto wao wa kwanza, Yona, alifariki kabla ya kutimiza mwaka. Nililetewa habari wakati ule, nikawalilia huku Nairobi, lakini kaburi sikuwahi kuliona, na Mungu anisamehe, sikulifikiria.

Nilirudi kwa Loise nikakaa kando yake. Alizungumza akitazama ukuta.

"Siku aliyokufa nilikuwa sokoni. Niliporudi walikuwa wamemfunika. Leo sitakuwa sokoni."

Kambale alitaka kufukua kaburi, alikwisha mwuliza mara nyingi, na Loise alikataa kabisa, hakutaka kumwona mtoto tena kwa namna ile. Basi tulikaa, watatu, jua likielekea magharibi. Ukuta uliingia uani mahali lilipokuwa jiko. Ukapita palipokuwa chumba chao. Joto lilitusukuma nyuma, tukarudi, likatusukuma tena. Uso wangu ulikauka kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nilikuwa nimeishika kanga ya Loise kwa nyuma, nimeikunja mkononi, kama ningelazimika kumvuta ningemvuta. Mparachichi uliinama, ukapiga filimbi kama migomba, ukawaka wote kwa mara moja, na nuru yake ikatuonyesha yale mawe madogo wazi kabisa, kila moja na kivuli chake.

Jiwe kubwa likaviringika kutoka juu. Ndani pakawa pekundu, pakainama mbele taratibu mno, na mawe madogo hayakuonekana tena.

Loise hakulia kwa sauti. Alisema jina la mtoto mara moja. Kisha akageuka akamwambia Kambale gari litachelewa.

Kabla sijarudi

Walihamia kwa jamaa za Kambale, upande wa pili wa barabara, mahali pa juu. Nilikaa nao mpaka nyumba mpya ilipopata bati. Nilimwomba Loise tena aje Nairobi, naye akanijibu kwa upole kwamba amechoka kuhama na hajahama bado, na kama mlima ni wa kumwaga tu, atajifunza mwendo wake. Akataka mlango ujengwe ukielekea mlimani. Kambale alipinga kwa sababu ya upepo, akashindwa.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kama ya kwenda, na sikunywa kitu chochote kwenye kibuyu.

Lakini siku ya mwisho, kabla ya gari, Loise alinipeleka kule chini. Moto wa upande ule ulikuwa umesimama. Ua wote, shamba lote, ni jiwe jeusi lililomeguka, linang'aa hapa na pale kama kaniki mpya. Wanawake wa kijiji walikuwa wamekuja na vikapu, wanaweka viazi vitamu kwenye nyufa, wanangoja viive, wanaongea habari za bei ya chumvi. Loise naye alikuwa na viazi ndani ya kanga. Akaniongoza juu ya mawe kwa uangalifu, akihesabu kwa macho kutoka kilima hadi barabara, mpaka mahali palipokuwa na mparachichi, ambapo kwangu palikuwa kama pengine pote. Akasimama. Akavitia viazi katika ufa, akachutama, akaweka kiganja chake juu ya jiwe.

"Bado ana joto," alisema.

Nikachutama, nikaweka changu kando ya chake.